Niulize Mara ya Pili

Zuena mwanangu,

Salamu utazipata asubuhi kwa mdomo, kwa hiyo hapa nazipita. Wewe umeenda mtaa wa Jabe kusukwa nywele, baba yako yuko msikitini, na mimi nimekaa jikoni kwenye kile kiti kibovu ambacho kila mtu ananiambia nikitupe. Maharage yako motoni. Ukiona herufi zangu ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, usicheke, jicho langu unalijua. Barua hii nitaiweka chini ya kikombe chako cha chai, na naomba uisome yote kabla hujanywa, kwa sababu mwishoni kuna jambo nalitaka lifanyike kabla hatujafunga mlango.

Nimechoka, Zuena. Wiki nzima nyumba imejaa watu wanaokuja kukuaga kabla ya safari ya kesho, na kila anayekuja lazima apikiwe, na kila anayekula lazima akuachie mawaidha. Baba yako amekwishakuambia habari ya swala na ya marafiki. Shangazi yako amekuambia habari ya wanaume, tena mbele ya mjomba wako, bila hata kushusha sauti. Mimi sitakuambia ule vizuri wala uvae soksi. Umekuwa mtu mzima. Baridi ikikushika utavaa soksi.

Ninachotaka kukuandikia kimeanza leo mchana. Ulikuwa mkekani na shangazi yako, simu yako ikalia, na ukatusomea ujumbe wa Madamu Carol, yule mama wa Amerika ambaye shule unayoiendea imekuchagulia awe mwenyeji wako. Ukatutafsiria kwamba anauliza kama aje kukupokea uwanja wa ndege na gari lake, na kama akuletee koti zito, maana huko ni theluji. Halafu ukamjibu, na jibu lako pia ukatutafsiria, kwa sauti ya kujivunia kidogo: asante sana, usijisumbue, nitapanda basi. Shangazi yako akapiga makofi.

"Eh, uyu mutoto ana adabu! Amelelewa uyu."

Na mimi nikatikisa kichwa kukubali, sahani ya pilau mkononi, kama mama aliyepewa sifa yake. Haikupita muda simu ikalia tena. Madamu Carol amesema okei, basi mtaonana shuleni Jumatatu. Na kale kauso kadogo ka njano kanakocheka. Ukacheka, ukaiweka simu chini. Kisha nikakuona umeiokota, umeitazama, umeiweka. Ukaiokota tena. Wageni walikuwa wanaongea juu ya bei ya mchele na hakuna aliyeona, lakini mimi niliona. Ulikuwa unangoja akuulize mara ya pili.

Hatauliza, mwanangu. Ndiyo maana nimeshindwa kukaa na wageni na nimejifungia jikoni na kalamu. Utafika kule Jumamosi jioni, giza limeingia, una masanduku mawili na kisweta cha kununua hapa sokoni, na hakuna mtu atakayekuwa amesimama pale anakungoja. Na halitakuwa kosa la yule mama hata kidogo. Najua kwa sababu mimi limenipata, na jicho langu moja lilikwenda kwa njia hiyo hiyo.

Habari ya jicho ulishaisikia, lakini uliisikia nusu. Ngoja nikupe nzima.

Nilipoanza kazi ya upishi kwenye nyumba za wazungu kule Kinindo, wewe hujazaliwa, niliingia kwa Madamu Joyce, Mwingereza, mama mwembamba aliyekuwa amekaa Tanzania miaka mingi na kujua Kiswahili kizuri kuliko changu. Aliniambia wazi kwamba changu kimevunjika. Kiingereza changu chote cha mwanzo kilitoka kwake, pale kati ya jiko na meza. Nilimwona mtu wa ajabu. Siku ya kwanza nilipomwona anakula, nilitaka kukimbia. Uma ameushika mkono wa kushoto, kisu kulia, na chakula kinaingia mdomoni kwa mkono wa kushoto, bila aibu, mbele ya watu! Nilirudi nyumbani nikamwambia baba yako kwamba nimeajiriwa na mtu ambaye hakufunzwa. Baba yako akasema, "We, pika tu. Mukono si wako."

Lakini kwa mambo mengine yule mama alikuwa kama sisi. Chai yake ilikuwa na maziwa. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayesema sori. Hasemi jambo moja kwa moja, ila analizungukia. Akisema chumvi labda imezidi kidogo, jua chakula hakiliki, nenda kamwage. Akisema si mbaya, basi umepika vizuri sana na unaweza kulala usingizi. Na zaidi ya yote, alijua kuuliza. Ilikuwa saa kumi kila siku:

"Mama Zubeda, utakunywa chai?"

"Apana Madamu, aksanti. Niko sawa."

"Kweli?"

"Kweli, Madamu."

"Hata kidogo? Imeshatengenezwa."

"Aya basi. Kidogo tu."

Na nilikunywa vikombe viwili. (Mama Zubeda ni mimi kabla yako. Wakati huo dada yako peke yake ndiye alikuwepo.) Hivyo ndivyo tunavyoishi hapa Buyenzi tangu bibi zetu. Ukimkuta mtu anakula, atakuambia karibu, nawe utasema umeshiba, hata kama tumbo linaongea kwa sauti. Atasema karibu tena. Utasema aksanti, nimetoka kula sasa hivi. Mara ya tatu atakushika mkono, atakuketisha, na hapo utakula, na hakuna atakayesema ulikuwa na njaa. Warundi wenzetu wa milimani wanao ule ubupfasoni wao, ile heshima ya mtu kujizuia, nao ni vile vile. Apana ya kwanza kwetu ni kubisha hodi tu.

Madamu Joyce aliporudi kwao, nyumba ile ile ikachukuliwa na Madamu Linda, Mwamerika. Nikasema alhamdulillah, Kiingereza ninacho, sina cha kuogopa. Wiki ya kwanza akaniomba biskuti za asubuhi, nikampangia kwenye sahani biskuti zile za kunywea chai, nyembamba, za dukani. Akazitazama akacheka mpaka akakaa. Kumbe kwao biskuti ni mkate mdogo laini, wa chumvi, unaoliwa na mchuzi, na hizi zangu wanaziita kuki. Siku ya kuzaliwa ya mtoto wake akasema kwamba watoto wanataka chipsi. Nikamenya viazi kilo na kilo, nikakaanga, jasho linanitoka, kumbe alitaka zile kavu za pakiti. Akaniambia nipeleke masanduku ya wageni etaji ya pili, yaani ghorofa. Ile nyumba unaikumbuka, ilikuwa na etaji moja tu juu. Kwetu, na kwa Wafaransa, na kwa Madamu Joyce, chini ni chini, na ukipanda ngazi ndipo unaanza kuhesabu. Kwa Wamerika pale unaposimama mlangoni ni ya kwanza tayari. Mimi nilisimama na sanduku kichwani nikifikiri anataka nipande juu ya mabati.

Nakuandikia haya kwa sababu Kiingereza ulichonacho ni cha upande wa Madamu Joyce. Mwalimu wako wa jioni ni Mganda, na Waganda wamekifuata kwa Waingereza kama Watanzania. Utaomba tochi watakuangalia. Utaita lori, utaita lifti, utaandika tarehe siku mbele mwezi nyuma, wao watasoma kinyume. Ukitaka choo utaulizia chumba cha kuogea ingawa huendi kuoga, au chumba cha kupumzikia ingawa hakuna aliyepumzika humo. Watu watacheka, nawe cheka nao. Neno likikosewa linajitangaza lenyewe, sahani inakuja na kitu kingine, mnasahihishana, imekwisha. Mimi kwa wiki mbili nilishayajua yote.

Hata tabia zao za wazi nilizizoea upesi. Madamu Linda alikuwa anakata nyama, anaweka kisu chini, anahamisha uma mkono wa kulia, ndipo anakula. Nilimpenda kwa hilo tu! Nikamwambia baba yako kwamba huyu amefunzwa. Alitia barafu kwenye kila kitu. Alinikumbatia siku ya kwanza, nikasimama kama mlingoti. Yai la kuchemsha aliliita la ajabu, akasema hajawahi kula yai tamu namna ile. Ilinichukua muda kujua kwamba sifa ya Mwamerika unaigawa kwa kumi na lawama ya Mwingereza unaizidisha kwa kumi, halafu unapata chumvi ya kweli.

Basi nikajiona mjuzi. Wapishi wa Kinindo walikuwa wanakuja kuniuliza mimi. Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, mimi sikuanguka kwa ujinga wa mgeni. Nilianguka nikiwa najua kila kitu, au nafikiri najua.

Ulikuwa darasa la pili. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu, kama dirisha la jiko wakati maharage yanachemka. Nilikuwa nalifuta na kanga nikidhani ni moshi. Madamu Linda aliona. Siku moja akaniambia kwamba rafiki yao, daktari wa macho, anakuja kuwatembelea na atakaa siku chache. Akaniuliza: ungependa akutazame jicho?

Moyo uliruka, Zuena. Nilitaka kupiga magoti. Na mdomo wangu ukasema, wenyewe, kama ulivyozoea tangu utoto:

"Oh, apana Madamu, aksanti. Haina shida."

Akanitazama kidogo. Akasema, okei! Akatabasamu vizuri kabisa, akaenda kuoga.

Nikangoja. Daktari akaja, mtu mrefu mwenye kicheko. Alikula mezani asubuhi na jioni, na mimi ndiye niliyemwekea supu, ninasimama upande wake wa kulia, ninainama kuliko kawaida ili yeye mwenyewe alione jicho langu. Alisema supu ni ya ajabu. Kila Madamu Linda alipoingia jikoni nilijua sasa anauliza. Aliuliza habari ya mkate. Aliuliza habari ya ufunguo wa stoo. Siku daktari alipoondoka nilibeba begi lake mpaka garini, akanishika mkono, akanishukuru, gari likatoka.

Nilimchukia yule mama. Sitakuficha. Nilimpikia kwa miaka nikimchukia, na yeye ananikumbatia kila Krismasi. Nilisema kwa wenzangu kwamba Wamerika wana maneno matamu na roho kavu, wanakupa kwa mdomo ili wasikupe kwa mkono. Wewe ulinisikia nikisema hivyo, hata ukayarudia shuleni.

Mpaka siku waliyokuwa wanahama. Tulikuwa tunafunga vyombo kwenye magazeti, mimi na yeye chini sakafuni, na wakati huo jicho lilikuwa limeshakuwa jeupe. Aliniona napapasa kikombe kilichokuwa mbele yangu. Akasema, Mama Zubeda, siku zote nilitaka kukuuliza, kwa nini hukumtaka yule daktari? Nilifikiri pengine dini yenu haikubali, au unaogopa, sikutaka kukulazimisha.

Nikamwambia, "Nilimutaka, Madamu. Nilikuwa nangoja uniulize tena."

Akaanza kulia, machozi yanaanguka kwenye gazeti, akasema neno moja tu analirudia: lakini ulisema hapana. Lakini ulisema hapana.

Kwake yeye, nimeielewa siku ile, kuniuliza mara ya pili ingekuwa ni kunidharau, kana kwamba neno langu si neno. Alinipa heshima. Aliniheshimu mpaka jicho likafa. Na mimi niliyekuwa najua tofauti ya biskuti na kuki, nilikuwa sijajua hiyo. Baadaye madaktari wa hapa walilitazama wakasema nimechelewa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nikiusema huo msemo kwa watu wengine.

Sasa nifike pale panaponiuma. Nilipokuona leo mchana unaiokota simu na kuiweka, sikujiuliza umejifunza wapi. Ulikuwa na miaka minne au mitano, ilikuwa Idi, tuko kwa Mama Fatu hapo nyuma. Akakuletea sambusa, ukanyoosha mkono mara moja, ukacheka, ukachukua. Nami nikakufinya paja chini ya kanga, kwa nguvu. Ulinitazama hujui umekosa nini. Macho yakajaa maji. Ukairudisha ile sambusa kwenye sahani ukasema, "Apana, nimeshiba." Watu wote wakakusifu. Nilifurahi sana siku ile, mwanangu. Tangu hapo sikuhitaji kukufinya tena.

Sikuambii uitupe adabu yetu. Hapa nyumbani, ukirudi, kwa Mama Fatu, kataa mara mbili kama mtu. Lakini kule, apana yako wataichukua ilivyo, watakuheshimu nayo, na utalala na njaa mezani pa watu wanaokupenda. Sijui hata kama ndiyo ya mara moja utaiweza. Mimi mpaka leo siiwezi. Inakwama kooni kama mwiba wa samaki mukeke.

Kwa hiyo hili ndilo ninaloliomba. Mwandikie Madamu Carol tena, asubuhi hii, kabla ya chai. Usizunguke. Mwambie ndiyo, tafadhali aje, na koti alilete. Ataona ni kawaida, nakuapia, hata hatashangaa, atakupelekea tena kale kauso kanakocheka. Ukiona aibu inakushinda, mwambie mama yako amekulazimisha. Nitupie mimi mzigo, nimeshazoea kubeba.

Naona maharage yameiva na baba yako anakaribia kurudi, lakini kalamu bado nimeishika kwa sababu kuna jambo la pili, na hili ni gumu zaidi.

Jana jioni, wakati unapanga sanduku, uliniuliza.

"Mama, utakuja na sisi ku aeroport?"

Nikasema, "Apana, mi nitabaki. Gari ya jirani Yusufu ni kadogo, mutabanana. Na jicho yangu, na miguu. Mwende tu."

Ukasema, "Sawa, mama. Ni vizuri upumzike."

Ukaendelea kukunja nguo. Nilitoka uani nikaanza kuanua nguo kwenye kamba, na zilikuwa bado mbichi zote. Nilisimama pale nimezikumbatia, kanga yangu ikalowa, nikingoja utoke uniambie, mama, kweli? Hukutoka. Umeshaanza kuwa Mwamerika kabla hujapanda ndege, na nilikukasirikia usiku mzima kama nilivyomkasirikia yule mama wa watu.

Sitangoja tena. Mimi ndiye niliyekufinya paja, basi mimi nianze. Ndiyo, Zuena. Nataka kuja. Nataka kukaa nyuma na sanduku lako moja mapajani, tubanane, nikushike mkono mpaka pale wanapokataza watu wasiosafiri, na nikuone kwa jicho hili moja mpaka usionekane.

Kitenge changu nimeshakipiga pasi. Ukimaliza kusoma, toka uani. Utanikuta nimevaa, nimekaa kwenye ngazi, viatu miguuni. Usiniulize kitu.

Mama yako